Maziwa Hayana Breki

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani, saa tatu asubuhi,
nimelala chali chini ya usukani wa Hoza,
miguu nje ya mlango, kichwa penye pedali,
tochi nimeing'ata.
Anayepita ananiona nusu:
ndara mbili, pindo la ovaroli,
na sauti inayoomba plaizi.

Hoza analizunguka tela lake
kama mtu aliyekuja kumtolea ndugu yake dhamana.
Juu yake tangi la lita elfu moja,
la kushuka nalo kutoka Amani, kona juu ya kona,
na mvua ya kule haiulizi ni mwezi gani.

"Fundi Mwanamvua, kwani pikapu ikisimama
si na tela litasimama?"
Simjibu, nina tochi mdomoni.
Ningekuwa na mdomo ningemwambia:
magunia yakikaa yamekaa.
Maziwa yana safari yao ndani ya safari yako.
Wewe umekanyaga, yenyewe bado yanakwenda,
yanagonga ukuta wa mbele, yanarudi nyuma,
yanakuja tena na hasira ya aliyesahauliwa njiani.

Nyaya nne zinatoka kwenye kisanduku.
Nyeusi nimeipeleka betri, nikaipa fyuzi yake;
moto usio na mlinzi hulala na mwenye nyumba ndani.
Nyekundu naitafutia swichi ya pedali:
nabonyeza kwa kiwiko, testa inawaka.
"Huko nyuma?"
"Na nyuma!"
Bluu ndiyo yenye mwendo,
inapita chini ya sakafu, inaikwepa ekzosi,
inafika kwa sumaku za magurudumu
ikiwa na neno moja tu:
shika.

Halafu nyeupe.
Hii ndiyo iliyowashinda wale wa Muheza.
Waliifunga juu ya rangi,
rangi juu ya kutu, kutu juu ya uvivu.
Nakwangua kwa msasa mpaka bati linang'aa kama jino.
Umeme ukiupa pa kwendea usiupe pa kurudia
hautoki nyumbani.

Hapo, chini ya zulia, mkono unagusa
kandambili ya mtoto, ya mguu wa kushoto.
Hoza anaipokea. Anaifuta kwa shati.
"Ya Sikudhani. Siku ile alikaa katikati."

Siku ile siijui. Ananieleza huku akitazama tairi:
kona ya tatu, utelezi, tela likaja ubavuni
likitaka kumpita anayelivuta.
Wao walisimama ukingoni. Tangi likafunguka,
korongo likapata mto mweupe
na mtoto akacheka, akapiga makofi.
"Yeye alicheka, fundi.
Mimi sijalala vizuri tangu Mfungo Tano."

Sikusema kitu.
Palipotosha tepu nikaongeza solda.

Alasiri tukalijaribu njia ya Pongwe, tangi limejaa maji.
Nilisukuma kitasa kwa kidole, tela likagoma ghafla
kama mbuzi aliyeona damu; tairi zikalia.
Nikapunguza. Likawa zito, linasukuma kisogo.
Nikaongeza nukta moja, nusu nukta,
hadi likawa linashika mapema kidogo kuliko sisi,
kama mwenzio anayejua sentensi yako inaishia wapi.
Hoza akashusha pumzi
ambayo nadhani haikuwa ya siku hiyo.

Alinilipa nusu. Nusu, tukakubaliana, kwa maziwa.
Ile kandambili aliiweka juu ya dashibodi
karibu na kisanduku na taa yake ya kijani,
sikumuuliza ni ya nini.

Ijumaa akaleta lita tano, amechelewa, ametabasamu,
kwa sababu, alisema, alishuka polepole.
Niliyabandika jikoni, nikageuka kutafuta hiliki.
Nikasikia ukimya ule wa sufuria,
na kabla sijageuka
mkono ulikuwa umeshafika kwenye moto.