Dirisha Linafungwa Saa Sita Usiku

Steshenari yangu iko Temeke, jirani na fundi viatu.
Bei nimeziandika ubaoni kwa chaki:
fotokopi mia,
kubadilisha tahasusi elfu mbili.
Kubadilisha mawazo sijakuwekea bei.

Mwezi huu sichapi kadi za harusi.
Wanakuja na matokeo yaliyokunjwa mara nne,
wanayafunua juu ya kaunta
kama mtu anayemwonyesha nesi kidonda.
Herufi tatu tu. PCM. HGL. HKL.
Nazibonyeza kwa kidole hiki chenye wino wa printa
na mtoto wa mtu anakuwa mwanasheria,
au anapangiwa Njombe na hana hata sweta.

Mimi EGM nilichaguliwa na mjomba,
alilisikia neno "uchumi" redioni, akalipenda.
Hisabati ya kidato cha sita ilinichapa
mpaka leo nikiona alama ya jumlisha nageuza uso.
Nayasema haya huku natoa chenji.

Jana, saa tatu na robo usiku,
akaingia mzee Mbonde na bintiye Sikudhani.
"PCB," akasema kabla ya salamu,
kama anaagiza chipsi kavu.
Ukoo mzima umeshamwita binti daktari;
shangazi wa Kilwa amekwisha anza
kumsimulia miguu yake kwenye simu.

Nikayatazama matokeo.
Jiografia A. Biolojia B. Kemia C.
Fizikia D, ile D nyembamba
ya mtu aliyepita mlangoni kiubavu.

Simu ya mzee ikaita, akatoka nje,
maana humu ndani mtandao wake haushiki.
Binti akainama mpaka pumzi ikatia ukungu kwenye kioo cha kaunta.
"Kaka, CBG ipo?"
Ipo.
"Nikiichagua, kwenye karatasi itaonekana?"
Itaonekana, mdogo wangu.
Nikaondoa mkono kwenye kipanya, nikamsogezea.
Kidole changu kimeshachagulia watu wengi mno.

Printa yangu hukohoa kabla ya kutoa.
Usiku ule ilikohoa kama ina kesi ya kujibu.
Mzee akarudi, akaishika rasimu mbali na uso,
mkono umenyooka, miwani kaisahau nyumbani.

"Hii G ya nini?"
"Jiografia, baba."

Akanyamaza. Nilisikia feni inavyokwaruza.
Kisha akaongea na karatasi, si na sisi:
"Kibada. Tuangoma. Mwongozo.
Viwanja vyote vile fimbo ya kupimia nimeishika mimi.
Miaka kumi na tisa, jua la saa nane,
nimesimama kama nimepandwa,
mpimaji yuko kule na darubini yake ananipungia:
kulia, mzee, kidogo kushoto, hapo hapo, usitikisike.
Hakuna hata mmoja aliyeniita nichungulie."

Binti alijua baba anafanya kazi za viwanja.
Alijua hivyo tu.

"Yule wa darubini, alisoma G?"
Alisoma, nikamjibu, ila na Fizikia, na Hisabati.
Mzee akamgeukia mwanawe.
Sikudhani akatazama sakafu.
Hisabati ana F, na F ile sote watatu tulikuwa tunaiona,
nene, nyeusi, imekaa kama mgeni asiyeaga.

Mzee akacheka kwa puani, mara moja.
"Haya. Basi hakuna G tupu?"

Saa nne kasorobo. Yamebaki masaa mawili na robo.
Wakaketi kwenye benchi la wateja wa pasipoti,
karatasi katikati yao,
mzee anauliza herufi moja moja,
hii inakwenda wapi, na ile, ukiifuata, inatokea wapi,
binti anachora kwa ukucha juu ya goti,
misitu, maji, udongo unaoliwa na mvua kule Jangwani,
nami nikajifanya natafuta rimu chini ya kaunta.

Kishale kilikuwa kinapepesa juu ya neno Thibitisha.

"Na shangazi yako," akasema mzee,
"nani atampigia?"