Mizani ya Busitema

Saa nane usiku, zamu yangu.
Lori la saruji linapanda mizani likikoroma,
namba nyekundu zinatetemeka kidogo
kabla ya kukubali kuwa namba.
Naandika: tarehe, tela, ekseli, tani.
Kisha nafungua simu.
Barua ya ishirini na tatu.

*Ndugu Athieno, tumeusoma mswada wako kwa hamu.
Kwa masikitiko, haukutushika vya kutosha.*

Nayo naiandika, nyuma ya daftari la serikali,
kwa kalamu ileile, katika safu zilezile.
Wakala: wa Nairobi. Alikaa nao siku mia na nne.
Sababu: mrefu mno.
Wakala: wa Kampala. Siku mbili.
Sababu: Uganda hii nani anasoma Kiswahili?
Wakala: wa Dar es Salaam.
Sababu: lugha yako ina vumbi la wapi?

La kambi ya polisi Tororo, bwana,
baba akiwa konstebo,
na sisi watoto wa kila kabila
tukigombania bomba moja la maji kwa lugha moja.
Na la madereva, wanaonitukana kwa ufasaha
nikiwaambia wamezidisha.
Shuleni walisema mizani ni silabi,
nane kwa nane, pungufu halipiti.
Nikacheka siku nilipoajiriwa hapa.

Riwaya yangu ni ya mjane wa Nagongera
anayeushtaki mto uliomeza shamba lake.
Miaka sita naishi naye. Anaujua mshahara wangu.
Nikifunga kompyuta kwa hasira
hukohoa, huko ukurasa wa mia mbili,
mpaka niifungue.

Mama ameuliza mara moja tu:
hao mawakala, wanakulipa au unawalipa?
Nikasema bado hakuna anayemlipa mwenzake.
Akausonga ugali wa wimbi kama anaudai.

Mvumilivu hula mbivu, sawa.
Ila hawasemi hula nini akingoja.
Mimi hula chapati ya mayai ya Wandera,
alfajiri, kando ya lami,
nyani wa msituni wamekaa mstari mmoja
wakinitazama kama jopo la wahariri.

Juzi akaja dereva wa Kigali, Muthiani,
tani za chumvi, ekseli ya mbele imezidi.
Nikamwonyesha namba. Hakubisha, hakuingiza mkono mfukoni.
Alimwamsha taniboi wake,
wakafungua turubai,
wakahamisha magunia kutoka mbele kwenda nyuma,
arobaini, nikiyahesabu dirishani,
jasho linawachuruzika kwenye baridi ile.
Wakapanda tena. Jumla ileile, kilo kwa kilo.
Ikapita.
"Mzigo haukuwa mzito, dada," akasema, akipokea karatasi.
"Ulikaa vibaya tu."

Asubuhi sikulala.
Sura ya kumi na moja, pale mjane
anapoingia mahakamani na chupa ya maji machafu,
anaiweka mbele ya hakimu, anasema
*mshtakiwa huyu hapa*,
niliibeba mgongoni, gunia kwa gunia,
nikaitua mlangoni, ukurasa wa kwanza.
Kurasa mbili za mvua nilizitupa.
Zilikuwa nzuri. Bado naziwaza.

Wakala wa ishirini na nne yuko Arusha.
Barua zangu za kwanza zilipiga magoti:
*naomba radhi kukusumbua, mimi ni mwandishi mchanga*.
Hii ina mistari mitatu, na wa mwisho unasema:
huu mzigo wangu, upime.

Nimeituma sasa hivi, kwa bando la shilingi elfu moja,
kati ya lori la mbao na lori la mafuta.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikaondoka.
Huenda nikaandika ya ishirini na nne nyuma ya daftari.
Kurasa bado zipo.

Lori la mafuta limepanda.
Namba zinatetemeka.
Dereva anapiga honi, ana haraka, wote wana haraka.
Namwinulia kiganja: ngoja, zitulie.