Mjumbe Hauawi

Wahenga walisema mjumbe hauawi.
Mimi nalipwa mshahara nimuue.

Si mtu. Ni uzi mfupi wa maandishi
utokao kwenye kiini cha seli
na amri ya jeni moja mkononi,
jeni iliyozaliwa kwa ajali:
kromosomu mbili zilikatika,
vipande vikaungwa ovyo,
kama barua iliyoanza kwa salamu za shangazi
ikaishia kwenye deni la duka.
Na amri yenyewe ni neno moja.
Gawanyika.
Gawanyika.

Tartu, Januari. Saa kumi tu, na usiku umeshaingia.
Mto Emajõgi umeganda kingoni;
katikati maji yanapita, meusi, hayamwangalii mtu.
Maarika, mkuu wa maabara, anakula mkate akiwa wima,
makombo yanaangukia daftari la majaribio.
Husema: asiyeweza kushindwa akauze maua.

Ndani ya friza, kichupa K-17.
Hatukupaswa kujua ni cha nani.
Lakini mama mmoja alituletea soksi za sufu, jozi sita,
na jina likaja limefungwa pamoja na soksi:
Uku, miaka minne,
aliyemwambia nesi kwamba uboho
ni siagi ya mifupa.
Uku alifariki mwezi Machi.
Seli zake hazijaambiwa.
Ukiziyeyusha, ukazipa joto na sukari,
zinaendelea kutii.

Nimemwandikia mjumbe kinyume chake,
herufi ishirini na moja,
zimkumbatie pale pale penye mshono
hadi seli yenyewe imkatekate.
Seli nzima haina mshono ule.
Basi tumaini letu lote lina upana huo,
herufi ishirini na moja,
wala si mimi niliyechagua upana.

Shida ni safari.
Zifiche herufi katika tone la mafuta,
mdunge panya mkiani:
ini litayapokea matone yote,
ini, mwenyeji asiyejua kusema nyumba imejaa,
na uboho, huko ndani ya mfupa,
utalala bila habari.

Alhamisi usiku namba zilishuka.
Mia. Sabini. Thelathini na nane.
Nilimpigia Maarika, sauti ikinitetemeka.
Hakunipongeza. Aliuliza: na kontroli?

Kontroli: herufi zile zile zilizovurugwa,
uzi usiosema lolote kwa yeyote.
Nikaangalia.
Nao ulikuwa umeua.
Basi si ukimya uliozimaliza seli.
Ni mafuta.

Nilikaa sakafuni kando ya friza, inanguruma.

Kwetu mtoto akilia huambiwa *kuss*.
Nimelisikia wodini, ng'ambo ya barabara,
kinamama wakilisema juu ya vichwa visivyo na nywele,
*kuss, kuss*,
neno lisilokata kitu,
lisilopimwa na kontroli yoyote,
na bado hufanya kazi, labda nusu ya mara,
takwimu ambayo leo ningeipokea kwa mikono miwili.

Jumatatu. Nimepunguza mafuta kwa theluthi.
Nimevaa soksi; kidole gumba kimeshatoboa ya kushoto.
Sahani iko ndani ya joto, kifuniko kimefungwa,
nami nimesimama kama asimamavyo mzazi
nje ya mlango, gizani, viatu mkononi,
asijue kama mtoto amenyamaza kweli
au anavuta pumzi tu.