Swali la Kumi na Nne

Karatasi arobaini na moja za Kiingereza, kidato cha tatu,
zimelaliwa na chupa ya chai mezani kwangu, Nyegezi,
na umeme umekatika tangu saa mbili.
Nasahihisha kwa taa ya simu
iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari.
Wadudu wa ziwani wameingia kama moshi,
wanafia juu ya majibu.
Mmoja nilimdhania nukta,
nikampa mtoto wa watu alama isiyo yake.

Kifungu cha ufahamu kinasimulia theluji.
Kwa nini Bwana Harisoni alimwaga chumvi mlangoni?
Darasa zima: wachawi.
Mabula Lugwisha kaongeza: au alikuwa anakausha samaki.
Nacheka peke yangu, kisha napiga mkasi,
maana mwongozo unasema barafu,
na mwongozo haujawahi kufika Mwaloni.

Ruoxi tu ndiye aliyepata,
binti wa mpimaji wa barabara.
Kwao, anasema, mto huganda hadi lori likapita juu.
Siku aliyoyasema hayo walimwita mwongo,
wakatazama ziwa dirishani, wakacheka tena.

Lakini hi na shi zinamshinda kama zinavyotushinda sisi.
Mama yake ni hi. Baba yake, shi.
Na Minza anayekaa nyuma yake, vilevile.
Nilipomwuliza akasema kwao, mdomoni, wote ni ta:
mwanamume ta, mwanamke ta.
Darasa likalipuka kama kwa goli la dakika ya tisini:
kumbe na wao wana yeye!
Tangu siku hiyo Ruoxi na Minza
wanakula karanga kwenye karatasi moja.

Sasa swali la kumi na nne.

Sehemu ya kwanza: peleka sentensi wakati uliopita.
Bibi yangu anapika uji.
Ruoxi kainakili ilivyo, neno kwa neno,
na pembeni, kwa penseli,
kwa Kiswahili chake cha miezi minane:
"Mwalimu, kwetu kitenzi hapana badilika. Bibi bado anapika."

Sehemu ya pili: lete sentensi wakati uliopo.
Mama yangu alikaanga samaki.
Minza kaacha mstari mtupu.
Chini yake, kwa herufi ndogo kama dagaa:
"Hii haiwezekani, mwalimu."

Mwezi wa tatu tulikuwa Igoma.
Vijana walianza kuchimba alfajiri,
sururu ikigonga mwamba, wakihama hatua mbili,
ikigonga mwamba tena.
Mama Minza, wa karai la Kirumba,
aliyekuwa akiniongezea mkia wa sato
akisema ni wa mwalimu, mwalimu hana mshahara.
Na swali nimelitunga mimi.
Nilitaka mfano mwepesi. Nilikuwa na njaa. Nikaandika samaki.

Mwongozo, nao wangu, unasema sifuri.

Kalamu nyekundu imesimama hewani.
Tunayo li, tunayo ta, na katikati yake na,
na ya sasa hivi,
ambayo kwa sauti ni ileile ya kuwa na mtu:
nina mama, mama anakaanga.
Miaka kumi na tisa ubaoni, sijawahi kuifundisha hivyo.
Kisha ipo hu,
isiyouliza jana wala kesho,
haijali hata ni nani.

Umeme unarudi. Friji ya jirani inakohoa.
Kwa Ruoxi naweka alama moja, nafuta, naweka mbili.
Kwa Minza, chini ya mstari mtupu,
naandika neno la Kiswahili katika mtihani wa Kiingereza,
kosa ambalo ningemchapia mtu mkasi:

hukaanga.

Halafu naona si langu kuliandika.
Nalikata. Wino unapenya hadi ukurasa wa nyuma,
kwenye theluji ya Bwana Harisoni.

Kesho saa mbili mtaaluma atataka karatasi zote.
Nitampa arobaini.
Moja bado naisoma.