Kizingiti

Waliileta imefungwa kwenye kipande cha khanga,
bushi ya shaba, ya pampu ya Chipanga,
imepasuka ubavuni kama mdomo wa mtu
aliyekatizwa katikati ya neno.
Bi Mbeleje, mweka hazina wa kamati ya maji,
akaiweka mezani, akasema:
"Tunataka kujua ni nani."
Si nini. Nani.

Nikakata kipande, nikakisugua
kwa msasa mia mbili, mia sita, elfu na mia mbili,
nikikigeuza robo kila ninapobadili,
hata nikauona uso wangu humo, pua imepinda.
Lakini Agosti ya Dodoma haipigi hodi.
Vumbi lilipita chini ya mlango
likaacha mkwaruzo mmoja mrefu,
na kompyuta, kwa utiifu wake,
ikauhesabu kuwa ufa.
Nikaanza upya.

Kompyuta haijui vumbi. Haijui Chipanga,
wala ndoo zinazolala nje kushika nafasi.
Inajua sifuri hadi mia mbili hamsini na tano,
giza totoro hadi weupe wa chumvi,
na kila nukta ya picha ina namba yake hapo kati.

Chini ya hadubini
shaba inang'aa kama mbuga ya Bahi iliyokauka,
na juu yake madoa.
Meusi ni matundu: pumzi ya tanuri
iliyonaswa uji wa moto ulipoganda.
Ya kijivu ni risasi,
madini laini, imetiwa kwa makusudi
ili ekseli izunguke bila kulia.
Risasi si kosa. Tundu ni kosa.
Ila lipo tundu lililodaka mwanga likawa kijivu,
na ipo risasi iliyozama ikawa nyeusi,
nami ndiye niwekaye kizingiti:
wewe ndani,
wewe nje.

Nikaweka tisini. Matundu, asilimia tatu.
Fundi Lemanya wa Chang'ombe,
aliyeyeyusha koki mbovu akazimimina mchangani,
na alale usingizi wake.
Basi kosa ni la Sogolo, mwendesha pampu,
kijana wanayesema aliiacha ikizunguka kavu
huku yeye akitazama mpira.

Nikaweka mia na kumi. Asilimia saba.
Mkataba unasema tano.
Sogolo na arudi kazini,
Lemanya auze tanuri.

Ngazi ishirini za kijivu.
Jicho haliwezi kuzitenga,
na watu wawili wanaishi humo.

Siku ile sikuondoka saa kumi.
Nikapiga picha arobaini, ukingo hadi ukingo,
nikaulaza mwanga ubavuni, nikakagua doa moja moja
kama achambuaye mchele wa mgeni.
Umeme ukakatika kwenye ya thelathini na moja.
Nikangoja gizani, mkono juu ya kipande
kisipatwe na vumbi.

Tano nukta mbili,
zaidi au pungufu nukta tisa.
Na matundu hayakutawanyika:
yamesongamana upande uliopasuka
kama ndoo kwenye bomba moja.
Hilo nililiandika pia,
ingawa fomu haikuwa na mahali pake.

Bi Mbeleje alisoma polepole, kidole chini ya mstari.
"Zaidi au pungufu," akasema.
"Hiyo 'au', mwanangu, inalipwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nikamfungulia picha.
Akavua miwani, akaivaa tena,
akainamia skrini kama ainamiaye kisima,
akagusa doa dogo la kijivu, la pembeni kabisa.
"Na hili?"
"Hilo risasi."
"Umehakikisha?"

Nikavuta kiti. Nikawasha taa ya hadubini.