Mashine Ilibaki Kooni

Mwalimu Nandonde alinisimamisha kwenye neno "milele".
"Dismasi, hiyo *le* ya mwisho umeiimba mara ngapi?"
Mara moja, mwalimu.
"Mimi nimehesabu saba."
Sauti ya kwanza wakacheka. Nje, mbuzi wa katekista
akalia kwa mtetemo uleule,
na hapo hata besi wakashindwa kujizuia.

Nilidhani ndio uzuri wenyewe.
Niliuokota redioni, kwa waimbaji
wanaolitikisa neno kama mti wa matunda.
Tena ulikuwa mwezi wa saba. Mnyambe yote inapuliza salfa.
Toka saa kumi alfajiri niko na mashine mgongoni,
maana unga haushiki jani lililokauka umande.
Injini inanguruma juu ya uti wa mgongo,
meno yanagongana, mbavu zinaimba zenyewe,
na nikiitua saa tatu mikono haijapata habari kwamba imezimwa.
Kikombe cha chai kinacheza kwenye kisahani.
Jioni naenda mazoezini. Mashine nimeiacha stoo,
muungurumo nimekuja nao.

"Nipe sauti nyoofu," akasema.
"Kamba ya kuanikia, kabla ya nguo."
Akabonyeza *so*, akakiacha kidole palepale.
Nikaingia. Hesabu ya nne, ikaanza kucheza.
Tena. Hesabu ya tano.
"Unaikaba shingoni, ndiyo maana inatapatapa
kama kuku aliyeshikwa miguu. Ishike chini."
Akanilaza kwenye benchi la wanakwaya,
mfuko wa makopa juu ya tumbo langu.
"Upande. Ushuke taratibu. Usiporomoke."
Uliporomoka. Makopa yakatawanyika hadi altareni.

Wiki tatu sikuruhusiwa kupamba kitu.
Niliimbia shambani, gizani, kabla sijavuta kamba ya injini:
mkorosho hadi mkorosho hatua kumi na tano,
noti moja, isipinde.
Ilikuwa sauti mbaya, jamani. Ubao usio na randa.
Melania akaniuliza kama nina mafua.

Na humo ndimo nilimokuta aibu yangu.
Mtetemo ulikuwa unanificha.
Nikipanda kidogo, nikishuka kidogo,
nani angejua kama noti nimeifikia
au naizungukazunguka tu,
kama mdaiwa anayepita nyuma ya nyumba ya mdai wake?
Ilipokuwa nyoofu, kila mtu alisikia: niko chini.
Chini kwa unywele, lakini chini.
Miaka kumi na moja ya kwaya,
na hakuna aliyewahi kunidai.

Nikaanza kulipa. Unywele kwa unywele.

Jioni moja ukungu ulipanda kutoka bonde la Ruvuma,
ukaingia kanisani bila kubisha,
tukawa tunaimba hatuonani vizuri.
Nilikuwa nimeishika *so* kwa hesabu ya sita,
tumbo limetulia, shingo imelegea,
nikahisi kitu mwishoni mwa sauti. Kidogo.
Si injini. Hakikunitoka kooni.
Melania akiteka maji huweka jani juu ya ndoo:
njia nzima maji yanacheza,
wala hayamwagiki.
Kilikuwa kitu cha namna hiyo.

Mwalimu hakuinua kichwa.
"Kifunge."
Nikakifunga. Sauti ikanyooka.
"Kifungue."
Nikakisubiri, hakikuja.
Nikaacha kukisubiri. Kikaja.
"Kifunge tena, tenori wenzako wanalala."
Kisha akalamba kidole, akageuza karatasi.
"Ubeti wa pili."
Sifa nyingine sikupewa, na sikuiulizia.

Kesho yake saa kumi nikavuta kamba ya injini,
ikashika mara ya tatu.
Saa tatu nikaketi, Melania akamimina chai.
Kikombe kinacheza kwenye kisahani.
Hicho bado sijakifundisha.