Mahali pa Kupitisha Kisu

Nilianza kupakua saa nane usiku, bando la usiku ndilo rahisi,
kule juu Mabatini, nyumba imeegemea jiwe.
Asilimia themanini na nne, Luku ikakata.
Feni ikapunguza mwendo, ikanyamaza.

Kesho yake chombo kilifunguka. Nikakipa neno la kujaribia:
hatukumwandikia.
Kikalikata: hat. uku. mwan. diki. a.
Vipande vitano, hakuna hata kimoja chenye uhai.

Nikatafuta kingine. Kilitaka kadi ya benki nisiyo nayo.
Kingine kilidai kinajua lugha mia;
nikakisemesha Kikerewe, kikanijibu Kiganda, bila haya.
Kamusi ilikuwepo, imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa,
dole gumba la mpigaji limeziba nusu ya herufi N.
Na maandishi yalikuwepo, mengi, ya ibada na ya mpira,
kana kwamba tukishasali na kushangilia
hatuna tena la kusema.

Nikashuka Kirumba kununua kichwa cha sangara.

Mbuke alikuwa na samaki wa kilo kumi na moja mezani.
Hakutazama. Kidole kilitangulia, kikapapasa uti,
kisu kikafuata kidole,
nyama ikaachana na mgongo bila ugomvi.
Nikamwonyesha simu: mashine inavyokata neno letu.
Akafuta mikono, akasoma kwa sauti,
akacheka hadi gamba likamdondoka shavuni.
"Huyu hajala samaki," akasema.
"Amekata kwa rula. Hakupapasa mifupa."
Kisha, akinoa kisu:
"Na huyo hamkumwandikia, ni nani?"

Lilikuwa neno la mfano tu. Sikumwambia hivyo.

Chini ya mizani palikuwa na kaunta buku,
la mama mkwe wake, marehemu, wa Nansio:
madeni ya miaka ishirini kwa kalamu ya bluu,
Kiswahili kikianza sentensi, Kikerewe kikiimaliza,
dagaa wa mwezi mchanga, dagaa wa mvua, dagaa wa kuku,
na majina ya furu, kurasa mbili na nusu,
furu ambao ziwa lenyewe limewasahau.
Nimetafuta miezi minne
kitu hiki hiki, nikidhani kinakaa mbali.

"Chukua," akasema. "Ijumaa kiwe hapa. Kuna watu bado nawadai."

Sasa umeme umerudi. Vidole vinanuka samaki,
kitufe cha nafasi kimeanza kunata.
Nani aliyewahi kuomba ruhusa ya marehemu
kuingiza madeni yake kwenye jedwali?
Nayafunika majina ya wadaiwa, kisha najikuta
nimeliacha moja, kwa sababu mwandiko wake hapo umetetemeka:

Bahitwa, sato wanne, hajalipa.

Nasimama kwenye neno la mwisho.
Kidole kwanza.
Ha. Ja.
Lip.

A.